Kantangaze kwenye nyanya: namna ya kumtambua na kufuatilia maisha yake kuanzia yai hadi nondo

Kila msimu swali ni lilelile: "Nyanya zangu zinaungua majani, nipige dawa gani?" Halafu inafuata picha ya jani lenye mabaka, imepigwa kwa juu, haina mwanga wa kutosha, na ukiuliza unaambiwa shamba limeshapigwa dawa tatu tofauti. Kwa picha ya namna hiyo hakuna anayeweza kukupa jibu la uhakika. Nimeandika mwongozo huu ili ujibu swali hilo mwenyewe, ukiwa umesimama shambani kwako, kabla hujatoa pesa mfukoni.

Tunamzungumzia mdudu mmoja tu: kantangaze. Ni nondo mdogo ambaye watoto wake huishi ndani ya jani. Kwa miaka mingi wataalamu walimwita Tuta absoluta, siku hizi wanamwandika Phthorimaea absoluta, kwa hiyo usichanganyikiwe ukikuta majina yote mawili kwenye lebo za dawa na mitego. Kwao ni Amerika Kusini. Alielezwa kisayansi mwaka 1917 kutokana na nondo waliokusanywa Peru. Mwaka 2006 alionekana Hispania, akaingia Afrika Kaskazini, akashuka kupitia Sudan na Ethiopia, na mwaka 2014 akathibitishwa Tanzania, wilayani Arumeru mkoani Arusha. Kenya alikuwa ameingia muda mfupi kabla ya hapo. Jina kantangaze, yaani kanitangaze, alipewa na wakulima wenyewe, na aliyewahi kuvuna matenga mawili mahali alipotarajia arobaini haulizi jina hilo limetoka wapi.

Andaa hivi kabla hujaanza

- Kioo cha kukuzia cha mara 10. Kama huna, kamera ya simu inasaidia kwa kiwavi aliyekua na kwa nondo, lakini yai itakushinda.
- Wembe mpya au sindano ya kushonea.
- Karatasi nyeupe na rula yenye milimita.
- Chombo cha plastiki angavu, lita 1 au 2.
- Kitambaa chepesi kilichofumwa kwa kubana, kama kipande cha shuka, pamoja na mpira wa kukifunga. Chandarua hakifai, nitaeleza sababu mbele.
- Kichupa kidogo cha kuwekea maji, mfano kile cha dawa ya kikohozi, na pamba ya kuzibia mdomo wake.
- Tishu au karatasi ya choo.
- Daftari. Hili usiliache.

Ukiweza, pata na mtego wa kivutio cha dume, ule wenye kidonge cha mpira kinachotoa harufu ya jike. Hauhitajiki kwa kutambua jani, ila unasaidia kujua nondo wameanza kuruka lini.

Maisha yake kwa ufupi

Mdudu huyu ana hatua nne: yai, kiwavi, pupa, nondo. Jani na tunda huharibiwa na kiwavi peke yake. Yai huanguliwa baada ya siku 4 hadi 6 hivi, kiwavi hula kwa siku 10 hadi 15 akijivua ngozi njiani, pupa hukaa siku 9 hadi 11, kisha nondo anatoka. Jike mmoja anaweza kutaga mayai mpaka 260.

Hizo ni siku za sehemu yenye joto la wastani. Joto ndilo linaloamua mwendo wote: kwenye nyuzi 27 za Selsiasi mzunguko huisha kwa siku 24 hivi, kwenye nyuzi 20 huchukua kama siku 40, na kwenye nyuzi 14 hufika siku 76. Ndiyo maana mkulima wa Ruaha Mbuyuni penye joto na mkulima wa Lushoto penye baridi hawawezi kufuata ratiba moja ya kupiga dawa, hata kama wamenunua mbegu duka moja. Sehemu za joto zinazolimwa nyanya mwaka mzima zinaweza kupata vizazi 10 hadi 12 kwa mwaka.

Hatua kwa hatua

1. Ingia shambani asubuhi na uanzie pembeni. Pita mistari ya mpakani kwanza, hasa upande unaopakana na shamba la nyanya lililoachwa baada ya mavuno. Kagua miche 20 hivi iliyotawanyika, usisimame kwenye mche mmoja. Anza na majani ya juu na ncha changa, kisha shuka. Kama shamba lina mnavu, bilinganya, nyanya chungu au viazi mviringo karibu, kagua na hizo. Kantangaze anaishi kwenye mimea mingi ya jamii ya nyanya, na mnavu ulioachwa kwenye ukingo wa mfereji unaweza kumtunza msimu mzima wakati wewe huna nyanya.

2. Inua jani likinge jua. Hii ndiyo hatua kubwa kuliko zote, na ndiyo inayorukwa. Lishike kwa kikonyo, liinue kati ya jicho lako na jua, na uache mwanga upite ndani yake. Kiwavi hula nyama ya kati ya jani na kuacha ngozi ya juu na ya chini zikiwa nzima. Kwa hiyo mahali alipokula panang'aa kama karatasi iliyoingia mafuta, na ndani yake utaona vitu viwili: rundo la kinyesi cheusi upande mmoja, na kiwavi mwenyewe kama kivuli kirefu chembamba. Ukikaa kimya kidogo utamwona akisogeza kichwa kulia na kushoto, anakula.

Msimu mmoja kwenye shamba la mjomba tulipiga dawa ya ukungu kwa wiki mbili kwa sababu mabaka yalikuwa yamekauka na kugeuka kahawia. Siku niliyoinua jani juani na kulichana kwa kucha, akatoka kiwavi wa kijani akajikunja juu ya kidole gumba changu, urefu wake nusu ya ukucha, kichwa kahawia kinang'aa. Jani la pili, naye yumo. Nyanya zilikuwa na miezi miwili na tayari matunda ya chini yalishatobolewa. Ile dakika moja ya kuinua jani ingefanyika wiki mbili nyuma, tungevuna.

3. Tofautisha baka na mstari. Kuna mdudu mwingine anayechimba majani ya nyanya, kidomozi, ambaye ni mtoto wa nzi mdogo mweusi na njano. Kidomozi huchora mstari mwembamba unaopindapinda kama mtu aliyejaribu kalamu, mweupe, na kinyesi chake kimefuatana ndani ya mstari. Kantangaze huanza na kijistari kifupi akiwa mdogo, halafu hukitanua kuwa baka pana lisilo na umbo maalumu. Baka kubwa linaweza kumeza nusu ya jani. Ukiona mistari tu, shamba zima, hakuna mabaka, huyo si kantangaze.

Ukungu na bakajani nao huleta madoa ya kahawia, lakini doa la ugonjwa halina uwazi ndani. Lishike kati ya vidole viwili ulisugue. Baka la kantangaze hutengana ngozi mbili kama bahasha tupu. Doa la ugonjwa hubaki kipande kimoja.

4. Fungua baka. Laza jani kwenye karatasi nyeupe, pasua ngozi ya juu kwa ncha ya wembe kuanzia upande usio na kinyesi, uikunjue taratibu. Usikate katikati ya baka, utamkata kiwavi vipande viwili na hutaona alama unazozitafuta.

5. Mtazame kiwavi kichwani. Mtoto wa kidomozi ni buu wa njano asiye na miguu wala kichwa kinachoonekana. Kantangaze ni kiwavi kamili: kichwa cha kahawia, miguu mitatu kila upande karibu na kichwa, na miguu minene ya tumbo kwa nyuma. Akitoka kwenye yai ana urefu wa chini ya milimita 1 na rangi ya maziwa. Akikua huwa wa kijani, na mwishoni hufika milimita 7 au 8, mara nyingi mgongo ukiwa na wekundu wa waridi.

Sasa shika kioo cha kukuzia utazame pingili ya kwanza nyuma ya kichwa. Kantangaze ana ukanda mwembamba mweusi kwenye ukingo wa nyuma wa pingili hiyo, umelala mshazari, na unaweza kukatika katikati ya mgongo. Ndugu yake wa karibu, nondo wa viazi, pingili hiyo yote ni nyeusi au kahawia iliyoiva. Alama hii ni ndogo lakini ndiyo bora kuliko nyingine zote kwa mtu asiye na maabara. Itafute kwa viwavi watatu au wanne waliokua, maana kwa mdogo haionekani vizuri.

6. Kagua matunda na vikonyo. Geuza tunda la kijani, utazame chini ya kile kikofia cha majani madogo panapoungana tunda na kikonyo. Kantangaze hupenda kuingilia hapo. Tundu lake ni dogo kama la sindano, na mara nyingi kuna unga wa kinyesi mdomoni. Funza wa matunda hutoboa tundu kubwa la duara, na yeye mwenyewe akikomaa hufika sentimita 3 au 4. Kiwavi wa ukubwa huo si kantangaze kamwe, hata jirani akisema vinginevyo. Kagua pia ncha ya shina. Kiwavi akiingia hapo ncha hunyauka na mche hudumaa.

7. Tafuta mayai, ila usipoteze siku nzima. Yako zaidi upande wa chini wa majani machanga, moja moja, rangi ya maziwa kuelekea njano, marefu kidogo kama punje ya mchele. Urefu wake ni karibu milimita 0.4. Bila kioo utayaona kama vumbi. Ukiyakosa na umeshaona viwavi, endelea na hatua inayofuata.

8. Mfuge mmoja kwenye chombo. Hapa ndipo mzunguko wa maisha unapoeleweka. Tandika tishu kavu mbili au tatu chini ya chombo. Jaza kichupa maji, ziba mdomo kwa pamba, chomeka kikonyo cha jani lenye viwavi wawili au watatu hai. Funika kwa kitambaa, kaza kwa mpira. Weka chombo ndani, mahali penye mwanga lakini pasipo jua la moja kwa moja.

Mambo matatu huharibu kazi hapa. La kwanza ni kufunika kwa mfuniko wa plastiki: jani hutoa jasho, matone yanajaa, kiwavi anazama au ukungu unaota. La pili ni kutumia chandarua: kiwavi mdogo na nyigu wadogo hupita kwenye matundu yake, na hao nyigu utawahitaji. La tatu ni kutupa jani lililonyauka. Usilitupe. Weka jani jipya likigusana na la zamani. Kiwavi atatoka na kuhamia mwenyewe. Nilipoona hilo mara ya kwanza ndipo nilipoelewa kwamba shambani pia hatulii jani moja mpaka afe.

9. Andika kila siku, hata kama hakuna jipya. Tarehe, baka lina ukubwa gani, kiwavi ana rangi gani, joto la siku hiyo kama unaweza kulipima. Siku utakayomkuta nje ya jani anatambaa kwa haraka, hali kitu, amekaribia kugeuka pupa. Shambani hujishusha kwa uzi wa hariri hadi kwenye udongo. Wengine hubaki kwenye jani lililojikunja au ndani ya baka. Kwenye chombo chako ataingia kati ya tishu na kujisokotea kifuko chepesi cheupe. Fungua kifuko kimoja tu kwa tahadhari. Pupa ana urefu wa milimita 4 hadi 5, kijani mwanzoni, kisha kahawia.

10. Mtambue nondo. Akitoka, ingiza chombo kwenye friji dakika 5 hadi 10 ili atulie, halafu mmwage juu ya karatasi nyeupe. Ana urefu wa milimita 5 hadi 7, rangi ya kijivu chenye fedha, na madoadoa meusi kwenye mbawa za mbele. Tazama vipapasio: ni virefu, vyembamba kama uzi, na vina pete za giza na mwanga zinazopishana kama shanga. Mbele ya uso kuna vijipembe viwili vilivyopinda kuelekea juu. Nondo wa kabichi anakaribiana naye kwa ukubwa, lakini akifunga mbawa ana mfululizo wa alama nyeupe za umbo la almasi mgongoni.

Nikuambie ukweli kuhusu hatua hii: nondo wa kijivu wa ukubwa huu ni wengi, na kwa mbawa peke yake hata mtaalamu hathibitishi. Uthibitisho wa mwisho hufanywa kwa kuchunguza viungo vya uzazi vya dume chini ya hadubini, au kwa vinasaba. Wewe una ushahidi mwingine wa nguvu: umemtoa kwenye baka, umeona ukanda mweusi, amekulia kwenye nyanya mbele ya macho yako. Vyote hivyo vikikubaliana, shaka iliyobaki ni ndogo. Kama uko eneo ambalo hajawahi kuripotiwa, peleka sampuli kwa afisa ugani, au kwa mamlaka ya afya ya mimea, yaani TPHPA kwa Tanzania na KEPHIS kwa Kenya, viwavi wakiwa ndani ya spiriti na nondo wakiwa wakavu kwenye kiberiti chenye pamba.

11. Maliza usafi. Usiachie nondo uliowafuga. Weka chombo kizima kwenye friza siku nzima, au mimina kila kitu kwenye maji ya sabuni. Usisafirishe kamwe viwavi hai kwenda wilaya nyingine kuonyesha watu, picha inatosha.

Ukishajua ni yeye

Tumia daftari lako. Kiwavi akiwa ndani ya jani, dawa ya kugusa inapita juu ya paa la nyumba yake. Yai na pupa nao hawali chochote, kwa hiyo dawa ya kuliwa haiwafikii. Anayefikika vizuri ni kiwavi mdogo aliyetoka kwenye yai akiwa hajazama, na hilo ni dirisha fupi. Ndiyo maana mtego una faida: ukiona madume yameongezeka ghafla, hesabu siku za kuangua kulingana na joto la kwako, kisha kagua majani machanga siku hizo.

Majani yenye mabaka na matunda yaliyotobolewa yang'oe, yafunge kwenye mfuko wa plastiki na uuache juani, au uyafukie chini kabisa. Kuyarundika kando ya shamba ni kuwapa pupa mahali pa kukomalia. Miche nunua iliyokaguliwa, na baada ya mavuno ng'oa masalia yote wiki hiyohiyo. Kuhusu dawa, mdudu huyu ameshakuwa sugu kwa makundi kadhaa, hasa yale ya zamani ya jamii ya pareto za viwandani. Kubadilisha jina la chupa hakusaidii kama kiambata amilifu, yaani kemikali yenyewe inayoua, ni kilekile, kwa hiyo soma maandishi madogo ya lebo, badilisha kundi, na heshimu siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Watu watakula hizo nyanya mbichi kwenye kachumbari.

Ukikwama

Nimepiga dawa lakini mabaka bado yapo. Baka halifutiki; jani lililoliwa halijazi tena nyama. Fungua mabaka kumi. Kama kinyesi ni kikavu cheusi na kiwavi amesinyaa au hayupo, hayo ni ya zamani. Kama kinyesi ni kibichi na cha kijani, bado yumo.

Mabaka yote ni matupu. Huenda viwavi wameshashuka kuwa pupa. Fukua udongo wa juu, sentimita moja au mbili, chini ya mche na uupepete juu ya karatasi nyeupe.

Ametoka nyigu mdogo badala ya nondo. Umepata habari njema. Mama yake alitaga ndani au juu ya kiwavi, na huyo akiwa mtoto akamla. Kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe cha Nairobi kilileta nyigu wa namna hiyo kutoka Peru, kwao kantangaze, ili wasaidie huku, na wapo pia wa kwetu waliojifunza kumla. Shamba lenye nyigu wengi usilipige dawa inayoua kila kitu.

Wametoka nzi wadogo. Ulifuga kidomozi. Rudi hatua ya 3.

Mtego umejaa, majani ni safi. Mtego hukamata madume tu, tena wanaweza kutoka kwa jirani, na mara nyingine nondo wa jamii nyingine huingia humo. Usipige dawa kwa sababu ya mtego peke yake. Kagua majani kila baada ya siku tatu.

Majani yamejaa mabaka, mtego hauna kitu. Angalia tarehe ya kidonge. Vingi huchoka baada ya wiki 4 hadi 6, na kwenye joto kali mapema zaidi. Angalia pia kama mtego umeninginizwa juu sana kuliko mimea, au kama uliyeshika kidonge ulikuwa umetoka kushika cha mdudu mwingine kwa mikono ileile.

Pupa amekaa wiki tatu bila kutoka. Kama ni msimu wa baridi nyanda za juu, msubiri. Kama ni joto, mguse taratibu kwa ncha ya karatasi: pupa hai huchezesha mkia wake.